Chupa Mbili Zenye Harufu ya Omena

Nileteeni chupa ya vidonge ya mtu yeyote, hata leo, hata kwa miwani hii niliyoishikiza kwa uzi, nami nitawaambia kama mwenyewe alikuwa akivimeza au alikuwa akivimwaga chooni. Sijigambi. Haya, ninajigamba kidogo, lakini ni haki yangu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhesabu vidonge katika kliniki ya utafiti huku Eastlands, wakati ukimwi ulikuwa hauna dawa na matangazo ya vifo redioni yalikuwa marefu kuliko taarifa ya habari.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii siku hizi mna mashine ya kuhesabu, na nimesikia kuna kifuniko cha chupa kinachoandika chenyewe saa kilipofunguliwa. Hongera zenu. Lakini kifuniko hicho kinajua tu kwamba chupa imefunguliwa. Hakijui kilichotoka kimeingia mdomoni mwa nani. Mimi hilo nilijifunza kwa pua, na nusura linifukuzishe kazi.

Kabla sijaendelea: majina ya wagonjwa nitakayotaja si yao. Mimi nimestaafu, lakini siri ya mgonjwa haistaafu.

Tuanze na vidonge vyenyewe. Chupa inayobebwa kwenye mkoba kila siku, inayofunguliwa asubuhi na jioni, vidonge vyake husuguana. Kingo zake hulainika, na chini hubaki unga kidogo, kama ule wa chini ya mkebe wa biskuti. Lakini chupa iliyokaa juu ya kabati mwezi mzima, kisha ikapunguzwa haraka haraka asubuhi ya kliniki, vidonge vyake bado vina kingo kali za kiwandani. Halafu kuna ile pamba ya mdomoni. Anayemeza dawa kweli huitoa siku ya kwanza akaitupa, maana inamsumbua. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyeniletea chupa yenye hesabu safi kabisa, na pamba yake imekaa pale pale ilipowekwa na mashine. Nikamwuliza, "Bwana dereva, mwezi huu umeitoa hii pamba na kuirudisha mara sitini?" Akacheka, akajikuna kichwa, akakiri kwamba vidonge vilikuwa vikimpa kichefuchefu. Sikumgombeza. Ukimgombeza mtu, mwezi ujao atakuja bila pamba na kwa uongo mzuri zaidi.

Macho haya niliyarithi kwa baba yangu, mchonga vinyago wa Ukambani, ambaye angepitisha kidole gumba juu ya gogo akakuambia lilikatwa lini. Mikono ya kuhesabu niliipata Industrial Area, katika stoo ya kiwanda kimoja, nilikokuwa karani wa nati na bolti kabla ya kupunguzwa kazini. Na huko stoo, vijana wangu, ndiko nilikofanya utafiti wangu wa kwanza bila kujua.

Chini ya meza yangu palikuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na kopo kubwa la vidonge vyeupe, na karatasi ya jina ilikuwa imeng'oka kwa sababu ya grisi. Mimi nikaamini ni vya kichwa. Kila siku kuanzia saa nne vibarua walikuwa wakipanga foleni. "Karani, nipe ile yako." Ninampa kidonge, ninampa maji, ninamkalisha juu ya gunia dakika chache, ninamwambia pole, anarudi kwenye mzigo. Mmoja wao, jamaa wa upande wa Kakamega aliyesukuma mkokoteni, aliapa kwamba dawa za hospitali ni maji ukizilinganisha na yangu. Nikaanza kutembea kama daktari. Ilichukua miezi mpaka muuguzi wa kampuni alipokuja kukagua, akakilamba kidonge kwa ncha ya ulimi, akaniuliza, "Wewe, kwani watu wote hapa wana kiungulia?"

Niliona haya hata nikakosa pa kuweka mikono. Miaka baadaye, nilipoandikwa kazi kliniki, nilimsimulia Sista Truphena kisa hicho tukinywa chai. Sista ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wetu, mama wa Kiluhya kutoka Vihiga, mfupi, mkali, mtu ambaye ungefanya naye kazi mwaka mzima usimwone meno. Siku hiyo alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akaiweka leso mkobani na kuwa Sista tena.

"Kilonzo, hiyo wasomi wanaiita plasebo. Kidonge kitupu kinachofanya kazi ya dawa. Sasa niambie, wangapi walipona kwa sababu uliwakalisha chini ukawaambia pole? Na wangapi wangepona tu, hata kama ungewalambisha ukuta?"

"Sijui, Sista."

"Hujui. Na bado ungeapa mahakamani kwamba dawa yako ni kali. Kuna yeyote ambaye hakupona?"

Alikuwapo mmoja. Alikuja siku tatu mfululizo, siku ya nne akaanguka mlangoni. Kumbe ilikuwa malaria.

"Huyo usimsahau," akasema Sista. "Kidonge kitupu kinaweza kutuliza kichwa. Kinaweza kurudisha usingizi, hata hamu ya chakula. Lakini malaria hakiijui, na hivi virusi vya ukimwi pia hakivijui."

Nilidhani nimeelewa. Mtu anaweza kuitikia kwa kichwa mpaka shingo iume, na bado asiwe ameelewa kitu.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Palikuwa na dawa iliyotarajiwa kupunguza nguvu za virusi. Baadhi ya washiriki walipewa dawa hiyo, na wengine walipewa kidonge kitupu, rangi ile ile, ukubwa ule ule, hata uchungu ule ule ulimini. Chupa zilikuwa na namba tu. Mgonjwa hakujua anameza kipi, Sista hakujua, daktari hakujua, na mimi niliyevishika kila siku sikujua. Orodha ilikuwa kwenye bahasha zilizofungwa kwa lakiri, katika ofisi nyingine kabisa mjini. Kila mshiriki alielezwa haya kabla ya kutia sahihi. Na wote, bila kujali chupa, walitibiwa kifua, vidonda vya mdomo, kuharisha, kila kilichotibika. Walipimwa uzito, wakapimwa damu, na Sista aliwaita kwa majina na kuwaulizia watoto wao wakati ambapo nyumbani wengine walikuwa wakitengewa kikombe chao peke yao.

Sisi makarani tulikuwa na kanuni moja iliyobandikwa ukutani: usikisie kwa sauti. Unaweza kukisia moyoni, maana moyo hauna mlinzi. Lakini usimwambie mgonjwa unachodhani amepata.

Mimi niliivunja.

Kulikuwa na mama nitakayemwita Mwende, karani wa ofisi, mkazi wa Donholm, Mkamba mwenzangu. Alipoanza kuja alikuwa amekonda hata saa yake ya mkononi ilikuwa ikipanda mpaka kwenye kiwiko. Miezi ikapita, mashavu yakarudi. Akasuka nywele. Akaanza kuvaa hereni. Asubuhi moja alipanda kwenye mizani, nami nikiwa karibu na daftari langu, furaha ikanizidi nguvu. Nikamwambia kwa utani wa watu wa nyumbani, "Mwende, wewe usinidanganye. Ile yenyewe ilikuangukia. Hebu ona mashavu hayo!"

Mwende akacheka. Mimi nikacheka. Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo rafiki yake, Mama Otis, Mjaluo muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Mowlem, amejifunga leso kwa sababu ya baridi ya ugonjwa. Yeye hakucheka. Hilo sikuliona siku hiyo; niliambiwa baadaye.

Siku yetu ya kliniki ilikuwa Jumanne. Jumanne moja, miezi kadhaa baada ya ule utani, nilifungua chupa ya Mama Otis nikakaribishwa na harufu ya omena. Sikushtuka. Mama Otis alikuwa na kibanda cha omena, na hata kadi yake ya kliniki ilinuka omena. Nikavimwaga vidonge kwenye trei, nikavihesabu tano tano kwa kisu changu butu cha plastiki, vikatimia. Nikaandika. Chupa ya tatu baada ya hiyo ilikuwa ya Mwende. Nikafungua. Omena.

Nikadhani harufu ya kwanza imenibakia puani. Nikatoka nje, nikavuta hewa, nikarudi. Omena. Nikachukua kidonge kimoja nikakileta puani, kisha kingine. Vyote vilinuka kibanda cha Mowlem. Na hesabu ilikuwa imetimia, hakuna hata kimoja kilichozidi wala kupungua.

"Mwende," nikamwita kwenye dirisha, bado kwa utani, "siku hizi umeanza kula omena?"

"Mimi? Zile vitu ziko na macho?" akasema. "Ukizipika zote zinakuangalia. Wachia wenyewe."

Halafu akaiona chupa mkononi mwangu, na kicheko kikamkatikia. Akageuka kuangalia benchi alipoketi Mama Otis. Nikawaita wote wawili kwenye chumba changu cha kuhesabia, nikafunga mlango.

Mama Otis ndiye aliyeanza. "Karani, vidonge si vimetimia?"

"Vimetimia."

"Basi andika vimetimia. Umehesabu wewe mwenyewe. Hakuna mtu amekudanganya."

"Mama Otis, chupa ya mwenzako inanuka kibanda chako."

Mwende akakaa chini. "Tunachanganya," akasema. Kila Jumamosi alikuwa akienda Mowlem. Walikuwa wakimwaga chupa zote mbili ndani ya mkebe wa kupimia omena, wanautikisa, halafu wanagawana. "Tunahesabu tano tano kama wewe. Hakuna mwenye anapunjwa."

"Kwa nini lakini, Mwende?"

Akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. "Si wewe ndio ulisema nimepata ile yenyewe? Mama Otis alikuwa nyuma yangu akisikia. Karani, sisi tumekaa hiyo benchi pamoja tangu siku ya kwanza. Siku nilipewa majibu yangu, ni yeye alinishika mkono na hata hakuwa ananijua jina. Sasa mimi ninenepe, yeye aishe, na dawa iko kwa mkoba yangu? Ningeimeza aje?"

Niliona aibu ambayo mbele yake hata ile ya kiungulia ilikuwa mchezo. Nilikuwa nimerusha neno la utani, nikaenda zangu kunywa chai, na watu wawili wakalibeba neno lile nyumbani wakalifanya tiba. Wala sikuweza kuwakasirikia. Huku kwetu mtu akipata unga, jirani hulala ameshiba. Wao walifanya walivyofunzwa tangu utotoni, ila mara hii waligawana kitu ambacho hakigawanyiki.

Mama Otis akakohoa, akangoja kikohozi kimwachilie, akasema polepole, "Ukimwambia Sista tutatolewa. Tulisomewa siku ya kutia sahihi, mwenye hafuati masharti anaweza kutolewa. Mwende ako na kazi, labda atapata pahali. Mimi nikitolewa hapa, hiki kifua nitapelekea nani? Otis ako darasa la tano. Wacha tu, karani. Andika namba."

Nikawaomba wanipe mpaka saa ya chai.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya kliniki penye mfereji. Sitawadanganya kwamba nilifikiria sayansi kwanza. Nilifikiria kazi yangu. Nilikuwa nimevunja kanuni iliyobandikwa ukutani mbele ya macho yangu, nilikuwa na watoto watatu, na huko Industrial Area nilikuwa nimeshaonja kupunguzwa kazini mara moja. Namba zilikuwa zimetimia. Hakuna mtu mwingine ambaye angenusa.

Kilichonitoa pale ni stoo. Kule kiwandani, kijana mmoja aliwahi kumwaga kreti mbili za nati zisizolingana ndani ya sanduku moja, kisha akazigawa tena nusu kwa nusu. Bosi alipokuja, hesabu ilikuwa sawa kabisa: zilizoingia na zilizokuwapo zililingana. Lakini kila fundi aliyechukua nati alikuta haiingii kwenye bolti yake. Hesabu inaweza kutimia na stoo ikawa imeharibika. Sasa vidonge vilikuwa hivyo hivyo. Kama dawa ile ilikuwa dawa kweli, mama hawa walikuwa wakiifanya ionekane dhaifu. Kama haikuwa dawa, walikuwa wakiifanya isijulikane. Na mimi nikiandika "vimetimia", nitakuwa nimeshika mkebe nao.

Nikaenda kwa Sista Truphena. "Sista, kuna makosa mawili," nikasema. "La kwanza ni langu." Nikamweleza yote, kuanzia mashavu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kilonzo, wewe ni mjinga."

"Ndiyo, Sista."

"Lakini wewe ni mjinga anayerudi kusema. Wengine huwa hawarudi. Kaa hapo."

Akaingia kwa daktari mkuu. Mlango ulifungwa muda mrefu, na mimi nikiwa nje nilisikia sauti yake zaidi kuliko ya daktari. Alipotoka alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi walipokuwa wale wawili, akachutama mbele yao na yale magoti yake mabovu, akawaambia, "Hakuna anayetolewa. Mnanisikia? Mtaandikwa kwenye daftari jinsi mlivyofanya, tarehe kwa tarehe kadiri mnavyokumbuka. Mtapewa chupa mpya. Kifua chako, Mama Otis, ni changu kama kawaida."

Mama Otis alivuta leso akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Bado ninayo. Imo ndani ya faili pamoja na vyeti vyangu, na ninawaambia kweli, ni karatasi ninayoionea fahari kuliko vyeti vyote. Vyeti vinasema nilikuwapo. Barua hiyo inasema nilikosa na nikasema.

Wiki iliyofuata washiriki wote waliitwa mkutanoni. Daktari mkuu akaanza kueleza kwa nini vidonge haviwezi kuchanganywa. Alikuwa mtu mwema na msomi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimevaa tai. Alipofika kwenye "ulinganisho wa makundi" nikaona watu wanaangalia viatu vyao. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, kwa sauti iliyofika mbele, kwamba wanafanywa panya wa majaribio. Sista akanigusa kwa kiwiko. "Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Simama."

Nikasimama. Sikuwa na lugha ya kidaktari, basi nikawapa kopo langu la kiungulia. Nikawasimulia foleni ya saa nne, gunia, mwenye mkokoteni aliyeapa. Wakacheka mpaka mama mmoja akaomba ningoje kidogo apumue. Kisha nikawaambia kuhusu yule wa malaria, na kicheko kikaisha chenyewe. "Mimi nilidhani naweza kuiona dawa kwa mashavu ya mtu," nikasema. "Nilimwambia mtu hapa hivyo. Nilikosea, na ninaomba radhi mbele yenu."

Yule dereva wa pamba akainua mkono. "Sasa karani, kwa nini msitupatie sisi wote ile yenyewe, tuache huu mchezo wa kujificha?"

"Kwa sababu bado hatujui kama ni yenyewe."

Nadhani hiyo ndiyo sentensi bora niliyowahi kusema maishani, na haikuwa na neno gumu hata moja. Nikaendelea: "Tukiwapa nyote, kuna atakayenenepa kwa sababu kifua kimetibiwa. Kuna atakayenenepa kwa sababu hapa anaitwa kwa jina lake. Kuna atakayenenepa kwa sababu amepata tumaini, akaanza kula. Tutapiga vigelegele, dawa itauzwa kila duka, na mtu kijijini atauza ng'ombe wake wa mwisho kununua mashavu. Na virusi vitakuwa pale pale kwenye damu, vinamngoja. Mtu pekee anayeweza kutuambia ukweli ni yule anayemeza kidonge kitupu bila kujua. Huyo si panya. Huyo ni shahidi."

Hapo Mwende akasimama. Hakuna aliyemwomba. "Mimi na rafiki yangu tulichanganya vyetu," akasema. "Tulidhani tunasaidiana. Hatutarudia." Hakumtaja rafiki. Mama Otis akajiinua kando yake, akishika bega la aliyeketi mbele. "Rafiki mwenyewe ni mimi. Na mkebe ni wangu, kwa hivyo mkisikia harufu mnajua." Watu wakacheka tena, ila kicheko cha upole. Baada ya mkutano wengine wawili walinijia faragha, mmoja baada ya mwingine, na visa vya namna hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humwumbua, na utafiti ni vivyo hivyo.

Toka siku hiyo wenzangu kazini wakanibatiza Karani Pua. Kila chupa iliyorudi ilinuswa kabla ya kuhesabiwa. Mcheke mnavyotaka. Ofisi ya mjini ilituma watu kuja kutazama tunavyofanya, na mmoja aliyevaa suti aliinama akanusa chupa tupu kwa heshima zote.

Bahasha zilipofunguliwa hatimaye, jibu lilikuwa fupi. Dawa ile haikushinda kidonge kitupu.

Kuna watu huniuliza kama sikuona uchungu, miaka yote ile kwa jibu la hapana. Uchungu niliuona. Nilirudi nyumbani Umoja siku hiyo nikakaa mbele ya chakula bila kukigusa. Lakini sikilizeni. Wakati ule mitaani kulikuwa na kila aina ya unga na maji ya chupa yaliyosemekana yanaponya, na kila mwenye kuuza alikuwa na shahidi mwenye mashavu. Sisi tulikuwa na daftari. Tuliweza kusema hapana, na hapana yetu ilisimama, kwa sababu mama muuza omena na mwenzake wa Donholm walikubali kuaibika mbele ya watu. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa kununua dawa ile. Nikilikumbuka hilo, mgongo wangu huu uliopinda hunyooka.

Kila mshiriki aliruhusiwa kuambiwa alichokuwa akimeza. Wale wawili waliomba waambiwe pamoja. Sista akasoma. Mama Otis: dawa. Mwende: kidonge kitupu.

Mwende mwenye mashavu! Tangu siku ya kwanza chupa yake ilikuwa na vidonge vitupu. Kilichomnenepesha ni kifua kilichotibiwa, na usingizi, na tumaini, na pengine ile benchi. Daftari la damu lilionyesha wazi: mashavu yalipokuwa yakipanda, kinga ya damu yake ilikuwa ikishuka polepole.

Mwende alijifunika uso kwa mikono miwili. "Kwa hivyo miezi yote hiyo nilikuwa nampatia chaki," akasema. "Na yeye ndiye alikuwa ananigawia dawa yake."

Mama Otis akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Dawa gani, na Sista amesema haifanyi kitu? Mwende, sikia. Wewe ulijua ni maisha yako, na ukayakata nusu ukanipatia. Mimi hiyo ndiyo nilimeza. Wacha kulia, unaniharibia siku."

Sista akageukia dirisha. Mimi nikajitia kutafuta kalamu.

Mama Otis hakuziona dawa za kweli zilipofika. Tulimsindikiza kabla ya hapo, na Otis akahamia Donholm kwa Mwende. Mwende yeye alishikilia, leo juu kesho chini, mpaka siku ile zilipoanza kutolewa, dawa ambazo zilikuwa zimeshapimwa na kushinda kidonge kitupu, huko mbali, kwa msaada wa watu wengine waliokaa kwenye mabenchi yao. Alipopewa chupa yake ya kwanza hakwenda nyumbani. Alikuja mpaka kwenye dirisha langu, akaiweka mbele yangu.

"Karani Pua, nusa."

Nikafungua, nikanusa. Ilinuka plastiki na pamba mpya.

"Hizi sigawi," akasema. "Hizi nameza zangu na zake."

Nikazimwaga kwenye trei, ingawa hakuna aliyenituma, nikazihesabu tano tano mbele yake. Zikatimia.